Historia ya Reli si Hadithi ya Simba

Ndugu msomaji, mtu akikuuliza leo habari za kujengwa kwa reli itokayo Mombasa kwenda Kisumu, huenda jambo la kwanza litakalokujia moyoni ni simba. Utamwambia kwamba palikuwa na simba wawili huko Tsavo, madume wasio na manyoya ya shingoni, ambao katika mwaka wa 1898 waliingia usiku katika kambi za wajenzi wa daraja na kuwakokota watu wangali hai. Hutakuwa umesema uongo. Simba hao walikuwako. Waliuawa mwezi wa Desemba mwaka huo huo na mhandisi J. H. Patterson, na hivi leo wamewekwa katika nyumba ya makumbusho mjini Chicago, Marekani, ambako watu hulipa ili wawatazame. Lakini utakuwa umesema jambo dogo mno juu ya kazi kubwa mno, na desturi hiyo ya kukitukuza kidogo na kukisahau kikubwa ndiyo nitakayoipiga vita katika insha hii.

Nasema hivi: historia ya reli yetu imetekwa na simba wawili, nasi tumekaa kimya tukatazama. Nasema tena kwamba ukweli wa reli hiyo umo katika makaratasi: madaftari ya makarani, taarifa za wapimaji, mapatano yaliyotiwa sahihi, ramani na michoro ya wahandisi. Kijana asiyejifunza kuyasoma makaratasi hayo ataendelea kusimuliwa habari za nchi yake na watu wengine, kama mtoto asimuliwavyo hadithi ili alale.

Tuanze na hesabu. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka wa 1896. Mwaka wa 1899 reli ilifika Nairobi, na mwezi wa Desemba mwaka wa 1901 ikafika ufuoni mwa ziwa, mahali palipoitwa wakati ule Port Florence, ambapo sisi twapaita Kisumu. Urefu wake ulikuwa maili zipatazo 580. Wajenzi wengi walikuwa vibarua waliotolewa Bara Hindi kwa mkataba wa miaka 3, na kwa sababu ya mkataba huo serikali ililazimika kujua habari za kila mmoja wao: lini ameingia, na mwisho wake umekuwaje. Kazi ilipokwisha, hesabu yao ilikuwa hivi. Walioletwa wote ni watu 31,983. Waliorudi kwao baada ya kumaliza kazi ni 16,312. Waliorudishwa kwa ugonjwa au kilema ni 6,454. Waliokufa ni 2,493. Waliobaki katika nchi hii ni 6,724. Chukua kalamu, ujumlishe mafungu hayo manne. Utaona kwamba jumla yake yalingana na hesabu ya walioletwa, wala hapana hata mtu mmoja aliyepotea katika daftari.

Sasa lete simba wako tuwapime. Patterson katika kitabu chake cha mwaka wa 1907 alisema kwamba simba hao waliwala Wahindi 28. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba jumla ya walioliwa ilikuwa watu 135. Mwaka wa 2009 wataalamu waliochunguza manyoya na mifupa ya simba hao walikadiria kwamba walioliwa walikuwa kama 35. Mimi nitakuachia uchague hesabu iliyo kubwa kuliko zote. Hata ukichagua 135, bado Wahindi waliokufa katika ujenzi ni zaidi ya mara 18 ya hao. Ni zaidi ya watu 4 kwa kila maili moja ya reli. Wengi wao waliuawa na malaria, tumbo la kuhara damu, vidonda na ajali za kazi. Hakuna aliyeandika kitabu maarufu juu ya mbu wa Tsavo, wala hakuna nyumba ya makumbusho iliyoweka kando ya simba picha ya kibarua aliyekufa kwa homa akiwa mbali na mama yake.

Nafundisha katika chuo cha ualimu. Mara nyingi huwauliza wanafunzi wangu, ambao kesho watakuwa walimu wako au wa wadogo zako, ni watu wangapi walioliwa na simba wa Tsavo. Mikono huinuka darasa zima. Nikiwauliza ni wangapi waliokufa katika ujenzi wote wa reli, huwa kimya, kila mmoja akimtazama mwenziwe. Siwalaumu, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyofundishwa. Bali nawalaumu wale waliojua palipo na daftari wakaona ni taabu kulifungua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaweza kuongeza kwamba hata watu, wasipoandikwa au wasiposomwa, hupotea bila habari.

Maneno hayo ya watu wasioandikwa yanatufikisha mahali pagumu. Nimesema hapana Mhindi aliyepotea katika daftari. Je, Mwafrika? Waafrika nao walifanya kazi katika reli. Walifyeka misitu, wakachimba udongo, wakabeba maji na vyakula, wakaongoza wapimaji katika njia ambazo wao ndio waliozijua. Lakini hesabu kamili kama ile ya Wahindi haikufanywa kwao. Patterson mwenyewe, baada ya kutaja wale Wahindi 28, alikiri kwamba Waafrika wengi nao waliliwa, ila serikali haikuweka kumbukumbu yao. Fikiri jambo hilo kwa utulivu, ndugu msomaji. Mtu ameliwa na simba yule yule, katika kambi ile ile, usiku ule ule. Mmoja ana mstari wake katika daftari, na mwingine hana. Aliyekuwa na mkataba alihesabiwa, kwa kuwa kifo chake kilikuwa na gharama. Asiye na mkataba hakuhesabiwa.

Hapo utaona kwamba daftari lina mafunzo mawili. La kwanza ni lile lililoandikwa. La pili ni lile lisiloandikwa, na msomaji mwema hulisoma hilo pia. Miaka ile ile ya reli, 1898 na 1899, nchi ya bara ilipatwa na njaa kuu, na ndui ikafuata. Wakamba waliipa njaa ile jina, wakaiita Ngomanisye, na jina hilo halijafutika hata leo. Mahali ambapo karani hakuweka hesabu, wazee waliweka jina. Kwa hiyo sisemi makaratasi yachukue nafasi ya wazee. Nasema yakae baraza moja na wazee, kila mmoja amuulize mwenziwe.

Basi tuyaache madaftari, tuitazame michoro. Wahandisi wa reli wana mchoro mmoja uonyeshao njia kwa ubavu, kana kwamba nchi imekatwa kwa kisu kama mkate, nawe waitazama upande wa pale ilipokatwa. Kushoto ni bahari. Kulia ni ziwa. Mstari huanzia Mombasa penye usawa wa bahari, ukapanda polepole hata Nairobi, penye futi zipatazo 5,500. Kutoka hapo wapanda kwa nguvu kupita futi 7,000, kisha waanguka ghafula katika Bonde la Ufa. Wavuka bonde, wapanda tena milima ya Mau zaidi ya futi 8,000, ndipo uteremkapo hata ziwani penye futi 3,700 hivi. Mtoto wa darasa lako aweza kuuchora mstari huo kwa dakika chache, na akiisha kuuchora atakuwa amefahamu mambo ambayo kurasa nyingi za maneno hazikumfahamisha.

Kwa mfano, kwa nini Nairobi iko pale ilipo? Wapo wasemao kwamba Wazungu walipapenda kwa baridi yake, na kweli jina lenyewe latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Lakini tazama mchoro. Nairobi ndiyo mahali pa mwisho penye uwanja mpana kabla ya reli kuanza kupanda nchi ya Wakikuyu. Wahandisi walihitaji mahali tambarare pa kuwekea karakana, mabehewa, mataruma na vyuma, penye maji ya mto, kabla hawajaukabili mlima. Mji mkuu wetu ulizaliwa kwa haja ya karakana, ukajengwa karibu na kinamasi. Hata mwaka wa 1902, tauni ilipoingia katika mtaa wa maduka ya Wahindi, mtaa huo ulichomwa moto. Mwanafunzi atazamaye mchoro huona sababu. Asiyeutazama hukariri tarehe.

Mchoro ule ule waonyesha kwamba genge la Bonde la Ufa lilikuwa kali hata wahandisi wakashindwa kungoja njia ya kudumu. Kwanza waliweka njia ya muda, wakawa wakiteremsha mabehewa kwa kamba za waya. Toka Mau kwenda ziwani mabonde yalikuwa mengi hata yakahitajiwa madaraja marefu 27 ya chuma, na madaraja hayo yalitengenezwa na kampuni ya Kimarekani. Upana kati ya reli mbili ulikuwa meta moja, kama reli nyingi za Bara Hindi, kwa kuwa huko ndiko kulikotoka vyombo na mafundi. Reli hii, ambayo wengine hudhani ilikuwa kazi ya Mwingereza peke yake, ilikuwa na chuma cha Marekani, mikono ya Punjab, na jasho la watu wa nchi hii. Mchoro hautambui majivuno ya taifa lolote. Wataja vyuma na vipimo tu.

Lakini mchoro nao una ubaya wake, tena ubaya mkubwa. Una futi, una maili, una miteremko na mifereji ya maji. Hauna watu. Pale mhandisi alipopiga mstari mweusi palikuwa na mashamba ya viazi na mtama, palikuwa na malisho ya ng'ombe, palikuwa na makaburi. Karatasi ikabaki nyeupe. Kisha wakaja wengine wakaitazama karatasi nyeupe wakasema nchi ni tupu. Jihadhari sana na jambo hilo, msomaji: mahali peupe katika ramani si mahali patupu katika nchi.

Tena ramani hukuambia yaliyogeuka. Tafuta ramani iliyochapishwa kabla ya mwaka wa 1902. Utaona kwamba nchi yote toka karibu na Naivasha hata ziwani ilikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Ndiyo maana reli iliitwa Reli ya Uganda. Ilipofika ziwani mwaka wa 1901, kweli ilikuwa imeingia Uganda. Mwaka wa 1902 mpaka ukasogezwa, mkoa ule ukatiwa katika nchi hii, na Reli ya Uganda ikajikuta haina hata hatua moja katika Uganda. Kampala haikufikiwa na reli ya kutoka pwani hadi mwaka wa 1931. Mtoto aliyezaliwa Kericho mwaka wa 1900 alizaliwa Uganda, akakulia katika nchi nyingine, wala hakuhama nyumba ya baba yake. Kijana aliyeona jambo hilo katika ramani kwa macho yake hatadanganywa kirahisi na mtu amwambiaye kwamba mipaka iliumbwa pamoja na milima.

Najua wapo watakaonipinga. Wa kwanza watasema makaratasi hayo yaliandikwa na mkoloni kwa faida yake, yamejaa uongo na matusi, basi ya nini kuyahifadhi? Nawajibu kwamba shahidi mbaya huulizwa maswali, hafukuzwi barazani. Taarifa za serikali ya wakati ule zawaita Wanandi wezi, kwa kuwa walikata nyaya za simu na kuchukua vyuma vya reli. Vema. Lakini karani aandikapo kila waya uliokatwa, amekuandikia pia, bila kukusudia, kwamba serikali ilipingwa, tena mwaka baada ya mwaka, hata alipouawa kiongozi wao Koitalel arap Samoei mwaka wa 1905. Tusi ni la karani. Ushahidi ni wako.

Au soma mapatano ya mwaka wa 1904 kati ya serikali na Wamaasai. Mapatano hayo, kwa maneno yao yenyewe, yasema kwamba Wamaasai watahamia mbali na reli na mbali na ardhi itakayofunguliwa kwa walowezi wa Kizungu. Hakuna mpinzani wa ukoloni ambaye angeweza kuieleza kazi ya reli kwa ufupi na uwazi kuliko hivyo, na waliolitunga neno hilo ni watawala wenyewe. Ukilichoma karatasi hilo kwa hasira, utakuwa umewaondolea mzigo.

Wa pili watasema ya kale hayanuki, yaliyopita yamepita. Nawajibu kwa jambo la juzi. Nchi hii ilipokaribia uhuru wake mwaka wa 1963, majalada mengi ya serikali ya kikoloni yalichukuliwa kwa siri yakapelekwa Uingereza. Yalifichwa karibu miaka 50. Mwaka wa 2011, wazee walioteswa wakati wa Mau Mau waliposhtaki London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba majalada hayo yapo, na mwaka wa 2013 ikakubali kuwalipa fidia zaidi ya watu 5,000. Kama karatasi la kale halina nguvu, kwa nini lifichwe? Na kama halina faida kwa walio hai, kwa nini wazee wale walilipwa?

Wa tatu ndio walio wengi, nao hawasemi neno. Hawa huacha mchwa wale. Nimewahi kununua karanga sokoni zikiwa zimefungwa katika karatasi la mizigo la stesheni ya reli, lenye tarehe, uzito wa magunia na jina la mahali yalikokwenda. Aliyelitupa hakudhani ametupa kitu. Lakini karatasi kama hilo ndilo lituambialo nani alilima nini, aliuza wapi, na nauli ya gunia lake ilikuwa kiasi gani. Michoro ya zamani, ambayo mingi ilichorwa juu ya kitambaa kilichotiwa wanga, huharibiwa na unyevu na wadudu upesi kuliko watu wadhanivyo. Simba wa Tsavo walichukua miezi kuwaua watu wao. Mchwa, wakiachwa, waweza kuwaua watu wale wale mara ya pili kwa msimu mmoja wa mvua.

Wala usidhani kwamba haya ni mambo ya babu zako tu. Mwaka wa 2017 reli mpya ilifunguliwa toka Mombasa hadi Nairobi, ikifuata karibu njia ile ile ya kale. Juu ya reli ya kwanza twajua kwamba Bunge la Uingereza liliombwa pauni milioni 3, na kwamba kazi ilikwisha kwa gharama ya zaidi ya pauni milioni 5. Twajua kwa sababu hesabu zilichapishwa na watu wakagombana juu yake hadharani. Juu ya reli ya pili, mikataba yake ya mkopo haikuonyeshwa raia kwa miaka mingi, hata sehemu yake ilipotolewa mwaka wa 2022. Je, si aibu kwamba raia wa nchi huru alijua zaidi gharama ya reli ya mkoloni kuliko gharama ya reli yake mwenyewe? Aliyezoea kuuliza daftari la mwaka wa 1901 liko wapi, hataona haya kuuliza daftari la leo liko wapi.

Kwa hiyo nakupa kazi, msomaji, nami naomba uifanye kabla ya kusahau. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, iliyoanzishwa mwaka wa 1965, iko katikati ya jiji la Nairobi, katika jengo lililokuwa benki. Makumbusho ya reli, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971, hayako mbali na stesheni kuu. Mwombe mwalimu wako awapeleke. Kama mko mbali, anzeni hapo mlipo. Ulizeni katika stesheni ya karibu, kwa adabu na kwa ruhusa ya wenyewe, kama kuna daftari la zamani au ramani ukutani. Tazameni chuma cha reli kilicholala kando, maana viwandani huko walizoea kukipiga chapa ya mwaka na jina la aliyekitengeneza. Kisha nendeni kwa mzee wa mtaa, mwulizeni ni nani alihamishwa reli ilipopita, na mwandike jibu lake kwa wino, pamoja na tarehe.

Nanyi mtakaposimuliwa tena habari za simba wawili, sikilizeni kwa heshima, kwa kuwa ni hadithi nzuri. Msimulizi akiisha kumaliza, mwulizeni habari za wale 2,493, na za wale ambao hawakuhesabiwa kabisa.